Muulize Fundi: Gari la spoti limetoka juzi, kalamu ninayo mkononi, nisaini?

Shikamoo Fundi,

Nimeisoma safu yako kwa miaka, mara nyingi gari langu linapochemsha au kukataa kuwaka. Leo gari ni zima. Ninayechemka ni mimi.

Nina miaka 45. Kuna gari la spoti limeingia sokoni miezi minne iliyopita. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ukilijua utaanza kulichambua lenyewe na kunisahau mimi. Ni la viti viwili, injini ya lita 3.0, silinda sita, turbo mbili, farasi 400, gia za mkono, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kitabu chake kinasema linatoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 4.3, na kiwanda kimelifunga lisivuke kilomita 250 kwa saa. Breki za mbele zina pistoni sita kila upande. Hizi takwimu nimezikariri mpaka mwanangu mdogo naye anazijua.

Bei yake ni mshahara wangu wote wa miaka mitatu na nusu, bila kula wala kulipa chochote. Nusu ya fedha ninayo. Nimeiweka kidogo kidogo kwa miaka 11. Nusu nyingine itakuwa mkopo wa miaka mitano. Juu ya hapo muuzaji anaongeza asilimia 15, anayoiita "nyongeza ya soko", kwa kuwa magari aliyoletewa ni machache na wanaoyataka ni wengi. Anataka kianzio kufikia Ijumaa, na kianzio hakirudishwi.

Nililiendesha dakika 25, muuzaji kaketi pembeni kashika mpini wa mlango. Siwezi kusema nilikimbia. Nadhani hatukufika hata 80. Ila kulikuwa na kona moja ndefu inayoteremka. Nikashusha gia kutoka ya nne hadi ya tatu, gia ikaingia kwa mlio mdogo kama kitasa cha mlango mzuri, usukani ukawa unaniletea habari za barabara viganjani, nikajikuta nacheka peke yangu. Sijacheka hivyo ndani ya gari tangu nikiwa na miaka 20, katika kale kagari kepesi nilikokuwa nikiazima, ambako mlima kalikuwa kakipanda kwa maombi.

Rafiki yangu anasema nisiwe mjinga: magari ya petroli ya namna hii yanaelekea mwisho, nikilinunua leo nitaliuza kwa bei kubwa zaidi baada ya miaka kumi. Mke wangu hajakataa. Aliuliza swali moja tu: "Utaliendesha lini?" Mpaka leo sijamjibu. Kazini kwangu ni kilomita tisa, foleni tupu, na gari la familia tunalo.

Je, Fundi, gari hili linastahili bei yake? Usinizungushe.

Mwenye Kalamu Mkononi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Sikuzungushi. Kwa bei hiyo pamoja na ile asilimia 15, mwaka huu, halistahili. Kwa bei ya kiwanda, mwakani au mwaka unaofuata, lingeweza kumstahili mtu fulani. Kama mtu huyo ni wewe, barua yako mwenyewe imenitia shaka.

Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli. Farasi 400, sekunde 4.3, kilomita 250, pistoni sita: hivyo vyote umevitoa kitabuni. Ulipofika kwenye kona ndefu, takwimu zimekauka na mwandiko umebadilika. Hapo kuna gia, usukani na kicheko, na mwendo haukufika 80. Tena kicheko kama hicho, kwa maneno yako, ulikipata mara ya mwisho katika kigari kilichopanda mlima kwa maombi. Kwa hiyo unakaribia kukopa kwa miaka mitano ili kulipia mambo uliyoyasoma, na yale uliyoyahisi yanapatikana kwa fedha ndogo zaidi.

Tuanze na hao farasi, maana ndio wanaokula sehemu nene ya bei. Nguvu ya injini ni bidhaa ya ajabu: kadiri unavyoongeza ndivyo kila farasi mpya anavyokufanyia kazi kidogo. Sababu kubwa ni hewa. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na nguvu unayohitaji kuipenya inakuwa mara nane. Mwaka 1998 McLaren F1, gari la farasi 627, lilipimwa likienda takriban kilomita 386 kwa saa katika uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani. Mwaka 2005, uwanja huohuo, Bugatti Veyron la farasi 1,001 lilifika 407. Farasi 374 wa ziada wakaleta kilomita 21. (Najua Veyron ni zito na pana zaidi. Wasomaji wa Bugatti, msiniandikie.)

Wewe huendi huko, lakini hata kwenye mwendo wa watu wa kawaida kuna ukuta mwingine, nao ni matairi. Ukilikanyaga gari la farasi 400 gia ya kwanza, tairi za nyuma zinashindwa kushika lami, na kompyuta inakuja mbio kupunguza nguvu ileile uliyoilipia. Magari mengi ya aina hiyo hufika 100 yakiwa bado gia ya pili. Barabara kuu za nchi nyingi zina kikomo cha kati ya 100 na 130. Gia ya tatu kwenda juu utazitumia kuipumzisha injini tu, labda uwe na mahali pengine pa kuendeshea.

Sasa nisije nikaonekana nasema bei ni ya wizi. Gari la spoti ni ghali kwanza kwa sababu linauzwa kidogo. Injini, vifaa vya kukunjia mabati, majaribio ya ajali, programu za kompyuta, gharama zote hizo hugawanywa kwa idadi ya magari yatakayotoka kiwandani. Gari la familia linaligawa deni hilo kwa mamilioni. La viti viwili linagawa kwa maelfu. Ndiyo maana hata kampuni kubwa kuliko zote haikutaka kubeba mzigo huo peke yake: Toyota iliporudisha Supra mwaka 2019, chini yake kulikuwa na injini na chesisi za BMW, gari lile likiwa ndugu wa Z4 ya BMW, na yote mawili yakiunganishwa katika kiwanda kimoja mjini Graz, Austria. GR86 ya Toyota nayo ni pacha wa BRZ ya Subaru. Kuna watu hulidharau jambo hilo. Mimi naliona ni akili, maana bila kuchangia gharama magari hayo yasingekuwepo.

Pili, kuna vitu ndani ya bei hiyo ambavyo ni vya kweli na havionekani shorumu. Lichukue gari la kawaida, likimbize mpaka 150 kisha ulifunge breki kwa nguvu, rudia mara kumi bila kupumzika. Kufikia mara ya sita mguu unazama, pedi zinanuka, na moyo unakwenda mbio. Gari la spoti lililotengenezwa vizuri litarudia hivyo asubuhi nzima. Lina rejeta za ziada kwa ajili ya oili, wakati mwingine mpaka ya giaboksi na difu. Diski zake ni kubwa na hewa inaelekezwa kuzipoza. Bodi yake haijipindi konani, kwa hiyo shokapu na springi zinafanya kazi zilizopangiwa. Hizo pistoni sita ulizozikariri zipo kwa ajili ya asubuhi kama hiyo. Ungeniambia kwamba mara sita kwa mwaka unalipeleka gari kwenye uwanja wa mbio, jibu langu lingeanza kwa namna nyingine kabisa, na huenda ningekwambia linauzwa rahisi. Lakini hujautaja uwanja wowote. Umetaja foleni ya kilomita tisa.

Hebu twende kwenye hili la kununua gari likiwa bado na joto la kiwandani. Supra hiyohiyo ya 2019 iliingia Marekani na farasi 335. Mwaka uliofuata tu ikatangazwa yenye 382, na chesisi imekazwa. Mwaka 2022 ikaja na gia za mkono ambazo watu walikuwa wamezililia tangu siku ya kwanza. Mfikirie yule aliyekimbilia ya kwanza kabisa, akaongezea na nyongeza ya soko juu yake. Gari lake halikuharibika, lakini kila akiegesha jirani ya ile iliyofuata, anajua. Mazda MX-5, kale kagari kepesi ka spoti ka viti viwili, katika kizazi hiki cha nne nayo ilianza na farasi 155 kwa soko la Marekani, kisha mwaka 2018 wakaifungua injini ileile kwa vipuri vyepesi zaidi na kuifikisha 181. Watengenezaji wanajifunza kwa wateja wa mwanzo. Hilo halina ubaya, mradi tu usiwe wewe unayelipa ada ya ziada ili wajifunzie kwako.

Mimi niliwahi kulipa. Nilinunua gari jipya la mwaka wa kwanza, kampuni nisiyotaka kuitaja, na wiki ya tano mtu akanigonga bampa taratibu akirudi nyuma. Kipande cha plastiki na taa moja. Gari lilikaa gereji miezi mitatu, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinapeleka kila kipande kwenye magari mapya na ghala la spea lilikuwa tupu. Fundi niliyempelekea, ambaye naye ni fundi mzuri, alikuwa hajawahi kulifungua la aina ile. Nikawa naenda kulitembelea kama mgonjwa.

Hiyo asilimia 15, sasa. Muuzaji hadanganyi anaposema magari ni machache leo. Anachonyamazia ni kesho. MX-5 ya kwanza ilipooneshwa Chicago mwaka 1989, Wamarekani walichanganyikiwa, na wauzaji wakawa wanadai juu ya bei iliyopangwa. Waliolipa walilipa kwa ajili ya kutangulia kwa miezi tu. Gari hilo limeendelea kutengenezwa, na mwaka 2016 likavuka milioni moja. Nyongeza ya soko hainunui bolti hata moja. Haiongezi dhamana, na siku ya kuuza hakuna atakayekurudishia. Halafu wewe unailipa kwa mkopo, ina maana na riba yake unailipa vilevile. Muuzaji akikwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, mwambie tumbo ni lako.

Rafiki yako mwenye hoja ya kwamba litapanda bei anastahili jibu la heshima, kwa sababu yapo yaliyopanda. Lexus LFA, yenye silinda kumi na geji ya mizunguko ya kielektroniki kwa sababu injini ilikuwa inapanda mizunguko haraka kuliko mshale wa geji ya kawaida, yalitengenezwa 500 tu, kati ya 2010 na 2012, na Marekani yaliuzwa kuanzia dola 375,000. Leo yanakwenda kwa bei ya juu sana kuliko hiyo. Lakini mwaka 2017, miaka mitano baada ya la mwisho kutoka kiwandani, bado kulikuwa na mapya yasiyo na mnunuzi kwa wauzaji wa Marekani. Ndiyo yaliyokuja kuwa almasi. Nani alijua? NSX mpya ya 2016, gari la spoti la Honda, kampuni yenye heshima zake zote, farasi 573, injini na mota tatu za umeme, wateja wakawa wachache, na mwaka 2022 ikasimamishwa. Ilikuwa na kila sababu ambayo rafiki yako anazitaja. Tena magari yanayopanda bei kwa kawaida ni yale yasiyotembezwa, yenye geji ya kilomita chache na matairi ya zamani. Unataka kulifunika turubai gari lililokuchekesha? Gari la kuweka akiba na gari la kuendesha hayakai katika banda moja.

Gharama za kila siku nitazipita haraka, kwa sababu ni za kuuliza kuliko kusimuliwa. Ulizia bima kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Wapo walioghairi hapo tu. Kisha bei ya matairi manne. Kwenye magari haya ya mbele na ya nyuma mara nyingi hayalingani ukubwa, huwezi kuyazungusha ili yalike sawasawa, na mpira wake ni laini kwa makusudi. Kama kwenye orodha ya nyongeza kuna breki za kaboni na seramiki, zipite kama hukuziona. Diski zake siku ya kubadilishwa zitakufanya ukae chini, na kwa matumizi yako breki za chuma zinatosha na kubaki.

Nimeliacha swali la mke wako mpaka hapa kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. "Utaliendesha lini?" Tujibu kwa kalamu hiyohiyo uliyoshika. Tuseme kila Jumapili asubuhi unapata saa mbili za barabara tupu, wiki 40 kwa mwaka. Hizo ni saa 80, na kwa miaka mitano ya mkopo ni saa 400. Bei ya gari ni mishahara ya miezi 42. Ukiongeza asilimia 15 inakuwa miezi 48 na ushee. Tukadirie baada ya miaka mitano unaliuza kwa nusu ya bei ya kiwanda, yaani miezi 21. Umepoteza mishahara ya miezi 27. Kwa saa 170 za kazi kila mwezi, hizo ni saa 4,590 ulizofanya kazi ili upate saa 400 za kuendesha. Zaidi ya saa 11 za kazi kwa kila saa ya usukani, na riba, bima, matairi na petroli bado hatujavigusa. Ukiiondoa ile nyongeza ya soko zinashuka karibu na tisa. Makadirio haya unaweza kuyavuta upande wowote, maana ni ya kwangu, lakini yafanye kwa takwimu zako kabla ya Ijumaa, mezani, mkeo akiwepo.

Na kama baada ya hesabu hiyo utasema "sawa, saa moja ya kona ile ni siku yangu nzima ya kazi na nakubali", mimi sina neno. Kuna watu hutoa zaidi ya hapo kwa mambo yasiyowafurahisha hata kidogo. Ila usikubali kabla hujafanya mambo mawili.

La kwanza, usitoe kianzio kisichorudishwa kwa gari uliloliendesha dakika 25 na muuzaji kashika mlango. Ukitafuta, utapata wanaokodisha gari hilo au la kizazi kilichotangulia. Likodi siku mbili. Siku moja lipeleke kazini, kilomita tisa zote na foleni yake, uone klachi inavyokuuma goti na watu wanavyokuchungulia. Usiku liegeshe pale litakapolala. Ingia na kutoka mara kumi ukiwa umebeba mfuko. Kwa umri wetu hilo ni jaribio halali. Hiyo ndiyo njia ya kuepuka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

La pili, na hili nakuomba hata kama la kwanza utalipuuza. Tafuta MX-5 au GR86 iliyotumika, ya gia za mkono. MX-5 ina uzito wa tani moja na kidogo; GR86 ina farasi 228 na viti viwili vya ziada vya kuwekea makoti. Kwenye kitabu zote mbili zitapigwa na gari lako vibaya sana. Ipeleke kwenye kona yako ndefu inayoteremka, kwa mwendo uleule, usizidishe 80. Shusha kutoka ya nne hadi ya tatu. Usiwashe redio, usiangalie dashibodi.

Safari hiyo mwache muuzaji ofisini kwake na kiti cha pembeni mpe mkeo. Halafu niandikie nani alicheka.

Fundi